Mawe Matatu ya Njia ya Mto

Wamenirudishia karatasi zangu. Kamati ya mazishi ya ndugu yangu Kingori iliniomba niandike wasifu wa marehemu, ukurasa mmoja, usomwe Jumamosi kabla ya mwili kushushwa. Nikaandika kurasa tatu. Jana jioni Mzee Moffat, mwenyekiti wa kamati, akaniletea zimejaa kalamu nyekundu utadhani daftari la mtoto wa darasa la pili. Amefuta mbuzi. Amefuta maji. Amemfuta hata mama yetu. Amebakiza kwamba Kingori alizaliwa mwaka wa 1921 hapa Tetu, akabatizwa, akaoa, akawa mchapa kazi, mpenda kanisa na mcheshi.

Mcheshi! Haki ya Mungu, nimemjua mtu huyu miaka arobaini na minane na sikumbuki mzaha wake hata mmoja.

"Dada Ngendo," Mzee Moffat akaniambia akiwa bado mlangoni, kofia mkononi, "si heshima kusoma mbele ya watu ati mzee alikuwa akibeba maji kwa mukwa. Watoto watasikia. Wakwe watasikia."

Mukwa ni ule mkanda wa ngozi tunaoupitisha kwenye paji la uso sisi wanawake ili ushikilie mzigo mgongoni. Mwanamume haugusi. Najua, sikuzaliwa jana, na mtaro wa mukwa ninao hapa kichwani mwangu mpaka leo. Lakini ukimwondolea Kingori ule mukwa, umebakiza nini? Umebakiza mtu aliyezaliwa akafa, na hata mbuzi wake walifanya hivyo.

Basi nimeandika upya, na sasa ni ndefu zaidi. Mzee Moffat, kama umesimama hapo mbele, tafuta kiti ukae, maana leo hatufuti kitu.

Kingori alikuwa mchinjaji. Sisemi bucha, hakuwahi kuwa na duka. Alikuwa yule mtu anayeitwa na nyumba yenye mahari, yenye tohara, yenye Krismasi, aje na kisu chake. Kisu hicho kilinolewa mpaka kikabaki chembamba kama jani la nyasi. Alijua figo ni za nani, mbavu zinakwenda kwa nani, na kichwa kinapikwa supu ya nani, na mahali alipogawa Kingori hakuna mtu aliyenung'unika. Na moyo wa mbuzi alikuwa na njia yake ya kuupasua. Aliukata msalaba, mkato huku, mkato huku, akaukung'uta damu iliyoganda, akautupa kwenye makaa. Sekunde tatu. Ukumbukeni mkato huo, nitaurudia.

Mimi ni nesi. Nimekuwa kwenye zahanati yetu tangu mwaka wa 1955, na nimewadunga sindano wengi wenu mnaonisikiliza, msijifanye hamnijui.

Na kabla yetu sote kulikuwa na mama yetu, Waithira. Wazee hapa wanamkumbuka. Mto wetu uko chini kabisa na njia ya kupandia ni mwinuko wa kukata miguu. Mama alipanda njia ile na debe la maji mgongoni na mtoto kifuani. Wakati wa Hali ya Hatari, tulipofungiwa kijijini na Waingereza na kupewa saa chache tu za kwenda mtoni, alileta maji yake na ya jirani mgonjwa. Njia ile ina mawe matatu makubwa: moja kwenye kona, moja chini ya mti katikati, na moja karibu na kilele. Mama alikuwa akifika kwenye kila jiwe anasimama, anaegemeza debe, mkono kiunoni, anatazama kule chini alikotoka. Watu wakayaita mawe ya Waithira. Walisema ana nguvu mpaka anawaacha wenzake, halafu ana huruma mpaka anasimama kuwangojea. Maneno hayo yalisemwa kwenye kila harusi ya hapa. Bibi harusi aliambiwa, "Uwe kama Waithira, mwenye nguvu na anayewangojea wanyonge." Alikufa mwaka wa 1956, tukamzika na sifa hiyo.

Kingori na mkewe Wangechi walipata binti yao wa kwanza mwaka wa 1953, mama akiwa hai. Kwetu binti wa kwanza anachukua jina la mama wa baba. Na si jina peke yake. Ni yeye mwenyewe amerudi, hata akiwa bado hai. Kwa hiyo mtoto akaitwa Waithira, na Kingori, ambaye hakuwa na maneno matamu kwa mtu yeyote, alikuwa akimwita maitu, yaani mama yangu. Mtoto akikohoa, anasema maitu amekohoa. Mtoto akibeba kibuyu kidogo kutoka mtoni, anajisifu sokoni, "Mmemwona maitu? Nguvu ni zile zile!"

Mwaka wa 1963 mtoto akaumwa koo. Koo tu, nani anakimbilia zahanati kwa sababu ya koo? Wiki tatu baadaye magoti yakavimba, yakapoa, vikavimba viwiko, vikapoa, vikavimba vifundo vya mikono. Halafu ugonjwa ukaisha. Wangechi akatoa shukrani kanisani. Mimi nikamwita mtoto nyumbani kwangu, nikavaa ile mipira ya masikioni ya kusikilizia kifua, nikamwekea kifuani.

Mkisikiliza moyo mzima mtasikia sauti mbili, du-dup, du-dup. Watu wanadhani ni moyo unagonga mbavu ukitaka kutoka. La. Ni milango inayofungwa. Moyo una vyumba vinne na milango minne, na kila unapojibana kusukuma damu, milango inajifunga nyuma ya damu isirudi ilikotoka. Sauti ya kwanza ni milango ya ndani, sauti ya pili ni milango ya kutokea. Kwa Waithira nilisikia du, halafu shuuu, halafu dup. Ile shuuu ilikuwa damu ikirudi nyuma kupitia mlango usiofungika. Nilikaa na ile mipira masikioni muda mrefu. Mtoto akaniuliza, "Tata, unasikia nini?" Tata ni shangazi. Nikamwambia nasikia ukisoma vizuri utakuwa mwalimu. Nilidanganya.

Daktari wa Nyeri alisema lile lile. Wadudu wa koo huamsha mwili upigane, na mwili ukipigana hovyo unajiumiza wenyewe kwenye viungo na kwenye milango ya moyo. Viungo hupona. Milango inabaki na makovu. Hakuna kidonge cha kuyaondoa, lakini kuna la kufanya: sindano moja kila wiki nne, kwa miaka mingi, ili koo lisipate ugonjwa tena, maana kila homa mpya inakuja kuuma mlango ule ule. Na asibebe mizigo mizito. Ni mambo mawili tu. Mnaweza kuyahesabu kwa vidole na bado mkono ukabaki na vidole vya kula.

Kwa miaka minne na zaidi ilikwenda. Nilimchukua mtoto mimi mwenyewe kila wiki nne, nikamdunga, akalia, nikampa mandazi. Baba yake hakusema kitu. Kisha ikafika mwaka wa 1968, Waithira ana miaka kumi na mitano, umri wa msichana kuonekana njiani na debe. Na akaanza kuonekana. Wasichana wenzake wanafika juu wanacheka, yeye amekaa kwenye jiwe la kwanza midomo ikiwa imebadilika rangi. Wanawake wakaanza kusema. Ati msichana wa Kingori ni mvivu. Ati jina kubwa, kazi ndogo.

Mwezi wa nne nilikwenda kumchukua kwa sindano, Kingori akasimama mlangoni.

"Haendi," akasema.

"Haendi vipi? Leo ndiyo siku yake."

"Ngendo, sikiliza. Mtoto alipona goti miaka mitano iliyopita. Mtu aliyepona anadungwa ya nini? Hiyo sindano ndiyo inamtia uzito. Akidungwa leo, kesho anachechemea, kesho kutwa hawezi mto. Mama alidungwa sindano ngapi?"

"Mama hakuwa na ugonjwa huu!"

"Ndiyo hayo nasema. Mama hakuwa nao. Na huyu ni mama. Unataka kuniambia maitu amerudi na moyo mbovu? Moyo uliobeba maji ya kijiji kizima?"

Nilimweleza. Nilisema moyo ni kama pampu ya maji. Akaniambia pampu ya kiwanda cha kahawa iliharibika, fundi akabadilisha mpira, ikapona siku hiyo hiyo, niende nikambadilishie mtoto mpira. Nilimwambia kuna milango. Akacheka kwa pua. "Milango! Nimefungua mioyo zaidi ya elfu kwa mkono huu. Ndani kuna damu imeganda na mashimo. Mlango sijauona hata mmoja. Wewe umefungua mingapi?"

Kweli sikuwa nimefungua hata mmoja. Hilo liliniuma kuliko yote, na hapa ndipo nilipokosea, na nitasema kosa langu mbele yenu kama ninavyosema lake. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, wazee wakiwa wamesimama wakisalimiana, nilimwita kwa sauti. Nikamwambia yeye ni mchinja mbuzi tu, kichwa kigumu, asiyejua moyo ni upi na maini ni yapi, na kwamba atamzika mtoto wake kwa ujinga. Mbele ya wazee! Mimi, dada yake mdogo! Mzee Moffat ulikuwepo, ulikohoa ukatazama pembeni. Kingori alivaa kofia akaenda. Tangu siku ile nyumba yake ikafungwa kwangu. Nikimtuma Wangechi, anarudi na kusema, "Amekataa, na mimi nitafanya nini?" Sikio la kufa halisikii dawa, nilisema, nikijiona nimesema jambo la busara. Kumbe ni mimi niliyeliziba lile sikio.

Miezi saba bila sindano. Nilihesabu kila wiki nne kwenye kalenda ya zahanati, nikiuma meno.

Mwezi wa kumi na moja Waithira aliumwa koo tena, magoti tena, na hakuna aliyenieleza. Siku moja mchana, homa haijamtoka vizuri, alitumwa mtoni. Akafika jiwe la pili, akakaa, debe likamponyoka, maji yakateremka njia yote. Kingori alikuwa anapita akitoka kwa watu. Aliwasikia wanawake wakicheka. Akauvua ule mukwa kichwani pa mtoto na akampiga nao. Waithira hakukimbia. Hakuweza. Alianguka pale pale, na wanawake wale wale waliocheka ndio waliombeba mpaka barabarani.

Alilazwa Nyeri wiki tano. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Moyo ukishindwa kusukuma damu mbele, maji yanabaki nyuma, kwenye mapafu na miguuni. Daktari aliniita pembeni akasema mlango umeharibika zaidi kuliko zamani, na kwamba homa nyingine kama hiyo itamuua, kwa hiyo sindano isikosekane tena. Sindano ya kwanza alidungwa kule kule. Ya pili ilipangiwa Ijumaa baada ya Krismasi, kwenye zahanati yangu.

Na baba yake? Alimpokea nyumbani, akamtazama, akasema ni uchovu wa kukua. Akasema akipumzika Krismasi, atarudi mtoni polepole. "Mama naye aliumwa mara moja akiwa msichana," akasema, "akaamka." Nilipoletewa maneno hayo nilitupa kikombe ukutani. Kikombe kizuri, cha maua.

Krismasi hiyo ilikuwa Jumatano, na Kingori alichinja mbuzi wa nyumbani kwake. Nilikuwa na siku mbili. Nilijua nikienda na maneno nitafukuzwa na maneno. Basi nilichukua birika dogo la alumini lenye maji, wembe mpya, saa yangu ya unesi na ile mipira ya masikioni, nikazunguka nyuma ya nyumba mahali wanaume wanapochinjia. Mwanamke haendi pale. Kingori alikuwa peke yake, amechuchumaa juu ya majani ya migomba, ameshatoa maini na mapafu. Moyo ulikuwa kwenye kiganja na kisu kimeinuliwa.

"Usikate!" nikasema.

Aliruka. "Wewe mwanamke una wazimu? Toka hapa."

"Nitatoka. Nipe huo moyo mzima, usiukate, halafu nitatoka na sitarudi tena nyumbani kwako mpaka mmoja wetu azikwe. Naapa kwa mama."

Alinitazama. Nadhani ni kule kuapa kwa mama. Akaushusha mkono.

"Upande gani una nyama nene?" nikamuuliza.

"Wa kushoto. Kila mtu anajua."

"Kwa nini?"

Akaugeuza kiganjani. Mtu aliyefungua mioyo elfu hakuwa amejiuliza.

Nikamwambia. Damu iliyochoka inarudi kutoka mwili mzima, inaingia upande wa kulia, huu mwembamba. Kazi ya huyu si kubwa, anaisukuma hapo jirani tu, kwenye mapafu, ikapate hewa. Ikishapata hewa inarudi upande wa kushoto, na huyu wa kushoto ndiye anayeisukuma mpaka kichwani, mpaka kwenye ukucha wa mguu, na kurudi. Safari nzima kama dakika moja. Ndiyo maana ana nyama. Anafanya kazi.

Kingori alitikisa kichwa kidogo. Nyama na kazi alivielewa.

Nikamwonyesha pa kukata, na akakata yeye, kwa mkono wake mzuri ule, kipande cha juu tu, chumba cha kupokelea. Ndani ya shimo la kushoto vikaonekana: vipande viwili vyeupe, vyembamba, vimeshikiliwa chini na vikamba vyeupe kama nyuzi. Aliinama.

"Hivi mimi huvikwangua," akasema. "Nilidhani ni mishipa ya kutafuna bure."

"Ndiyo milango. Ukikata msalaba unaiharibu kabla hujaiona. Shika."

Nikamimina maji ndani mpaka yakajaa. Nikamwambia bana. Akabana. Vile vipande viwili vikainuka, vikakutana, vikafunga ti! Na maji yakaruka kupitia bomba kubwa la juu yakampiga kifuani. Hata tone moja halikurudi kwenye mkono wake. Akabana tena, nikamimina tena. Mara nne, mara tano. Kingori alikuwa amesahau kwamba amenikasirikia.

Kisha nikachukua wembe nikakata vikamba vitatu.

"Bana."

Akabana. Mlango mmoja ukapinduka, maji yakarudi yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na juu yakatoka kidogo tu.

"Kwa Waithira kamba hazijakatika," nikasema. "Milango imekunjamana kwa makovu, haifungiki. Lakini ni haya haya. Bana zaidi, mwili unangoja damu."

Akabana zaidi. Yakarudi. Akabana kwa nguvu zote, mshipa wa shingo ukamtoka. Yakarudi.

"Sasa acha maji. Bana tu, nitahesabu." Nikashika saa yangu. "Moyo wake unapiga mara mia moja kwa dakika, kwa sababu nusu ya kazi inapotea, lazima uirudie. Moja, mbili, tatu, haya, usilale! Kumi. Ishirini. Mbona unapunguza?"

Kufika dakika ya pili kidole gumba kilikuwa kinatetemeka. Mkono ule, jamani, mkono uliokuwa ukishika fahali pembe! Akaubadilisha moyo kwenda mkono wa kushoto.

"Hakuna mkono wa kushoto," nikasema. "Yeye ana mmoja tu. Na halali, usiku na mchana. Na ukamwekea debe juu yake. Na aliposimama kupumua, Kingori, ulifanya nini?"

Aliuacha moyo ukaanguka kwenye majani. Nilikuwa bado na hasira, sitawadanganya, nilikuwa na mengine kama ishirini ya kumwambia nimeyapanga tangu mwezi wa nne. Lakini akanyoosha mkono kwenye ile mipira. Hakuwahi kukubali kuivaa. Nikamvalisha, nikamwekea kifuani pake mwenyewe, akasikiliza. Halafu akainuka akaenda uani alikokuwa Waithira ameketi kwenye kigoda akimenya viazi, akapiga magoti mbele yake, damu ya mbuzi ingali mikononi, akamsikiliza. Wangechi alitoka jikoni akasimama. Waithira hakusogea. Naye Kingori alikuwa amefumba macho.

Alipoivua alichukua njia ya mtoni. Nikamfuata, maana nilidhani nimemvunja, na tayari nilianza kujilaumu. Nilimkuta kwenye jiwe la pili, lile la chini ya mti, amesimama, mkono kiunoni, anatazama chini.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema bila kugeuka. "Wewe ulikuwa mgongoni pa mtu mwingine, hujatembea. Mama alikuwa akinichukua mtoni nimbebee kata ya kutekea. Tulikuwa tukienda mchana, wakati wenzake wameshateka na kurudi. Nilikuwa namuuliza kwa nini hatuendi na wengine asubuhi. Hakunijibu. Tukifika hapa anasimama. Anaweka mkono hapa." Akagusa kifua. "Si kiunoni, Ngendo. Kiunoni ni watu wakipita."

Nikasema kwa upole, nikitaka kumsaidia, "Alikuwa akiwangojea wenzake."

"Hakuwa akimngojea mtu," Kingori akasema. "Mimi nilikuwepo. Hakukuwa na mtu nyuma yetu."

Nami ni nesi. Nilimwosha mama mwaka wa 1956, na miguu yake ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Niliiona kwa macho haya, na nilikuwa na cheti. Nikasema ni uzee, ni taabu ya kijijini. Sijui alikuwa na nini. Ugonjwa wa koo haupiti kwa jina, unampata yeyote. Lakini hatutajua, kwa sababu sote tulimsifu na tukanywa maji yake, na hakuna hata mmoja aliyeweka sikio kifuani pake. Nimewakasirikia wengi maishani mwangu. Sijawahi kukasirika kama siku ile, na sikuwa na wa kumfokea.

Ijumaa Kingori alimleta Waithira zahanati mwenyewe, kadi ya sindano ikiwa ndani ya kofia. Wiki nne baadaye akamleta tena. Miaka kumi. Mvua, mazishi, mavuno ya kahawa, alimleta. Hakuniomba msamaha wala mimi sikumwomba, sisi si watu wa hivyo. Na kila alfajiri, watu wakimcheka, wanawake wakifunika midomo kwa khanga, wazee wakimtuma mtu kumwambia anaaibisha rika lake, alishuka mtoni na debe, akapanda na mukwa ule ule kwenye paji la uso. Ule aliompiga nao mtoto. Angeweza kubeba begani kama mwanamume. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Akasema, "Nataka mukwa unikate hapa." Akaonyesha kichwa. Kwenye jeneza mtauona mtaro wake, msione aibu kuutazama.

Huo ndio wasifu. Mlango haukupona, miezi saba haikurudi, na mimi bado naihesabu. Anayewasomea haya ni Waithira mwenyewe. Ana miaka ishirini na mitano, anashona nguo mjini Kutus kwa cherehani ya mkono, na alikataa nisome mimi. Nimemwekea alama tatu kwenye karatasi, mahali pa kuvuta pumzi, na mmeshaona amesimama mara tatu. Msiende nyumbani mkasema alikuwa akitungojea tulie. Alikuwa anatafuta pumzi. Mzee Moffat, inuka, mpe kiti.